Kungoja Meseji: Kasi na Uthabiti katika Historia ya M-Pesa, Kutoka Free Area

Mvutano kati ya kasi na uthabiti, ambao wabunifu wa programu za kibiashara huujadili kwa hesabu na michoro, umepata majibu yake mengi nchini Kenya mbele ya dirisha la wakala wa M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu. Kasi katika maelezo haya ni wingi wa kazi ambayo mfumo wa kompyuta unaweza kuikamilisha kwa muda fulani, pamoja na muda ambao kazi moja huchukua tangu mteja abonyeze kitufe hadi apate jibu. Uthabiti ni uwezo wa mfumo huohuo kuendelea kutoa majibu sahihi hata pale sehemu yake moja inapoharibika, mtandao unapokatika au wateja wanapofurika kwa saa moja. Mteja huvitaka vyote viwili, lakini kila ukaguzi unaoongezwa ili kuzuia kosa hula muda, na kila hatua inayoondolewa ili kuokoa muda huondoa pia kinga fulani. Mtaa wa Free Area, ulioko mashariki ya jiji la Nakuru kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, jirani na Lanet, ni mahali pazuri pa kuutazamia mvutano huo, kwa sababu ni mtaa wa wapangaji, wachuuzi na wafanyakazi ambao mapato yao huingia na kutoka kwa simu kila siku, na ambao kusimama kwa mfumo kwa nusu saa ni hasara inayoonekana jioni hiyohiyo.

Kabla ya simu ya mkononi, fedha kutoka Nakuru kwenda mashambani zilisafiri kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa hawala ya posta, yaani hati iliyonunuliwa kwenye kaunta ya posta na kulipwa kwenye kaunta nyingine baada ya karatasi kufika na kuhakikiwa. Njia hii ilikuwa ya polepole, na mpokeaji aliyekuta tawi halina fedha alirudi nyumbani mikono mitupu, ila haikuwa rahisi kwa hati kulipwa mara mbili. Ya pili ilikuwa bahasha aliyokabidhiwa dereva au kondakta wa basi au matatu, ambayo ilifika siku hiyohiyo lakini haikuwa na dhamana yoyote zaidi ya uaminifu wa aliyeibeba na usalama wa barabara. Mtu wa Nakuru alikuwa amezoea kuchagua kati ya njia ya haraka isiyo na kumbukumbu na njia yenye kumbukumbu isiyo na haraka muda mrefu kabla mhandisi yeyote hajamletea chaguo hilo katika umbo la programu.

M-Pesa yenyewe haikuanza kama huduma ya kutuma fedha kwa jamaa. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, wakisaidiwa na ruzuku ya karibu pauni milioni 1 kutoka Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya serikali ya Uingereza, waliibuni kwanza ili wakopaji wa shirika la Faulu Kenya waweze kulipa mikopo yao kwa simu, na programu ikaandikwa na kampuni ya Sagentia ya eneo la Cambridge. Majaribio yalianza Oktoba 2005 katika maeneo ya Nairobi na Thika, kwa mawakala 8 na wateja wapatao 500, na kilichojitokeza ni kwamba wateja waliipenda zaidi kwa kutumiana fedha wao kwa wao kuliko kwa kulipia mikopo. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya ambayo wakati huo iliongozwa na Michael Joseph, ilirahisisha huduma na kuizindua nchi nzima tarehe 6 Machi 2007, baada ya Benki Kuu ya Kenya kutoa barua ya kutopinga mwezi uliotangulia.

Uamuzi wa kiufundi uliofanywa katika hatua hiyo ndio uliotawala maisha ya wakala kwa miaka iliyofuata. Menyu ya huduma iliwekwa ndani ya laini ya simu, ili ifanye kazi hata katika simu ya bei ya chini kabisa, na maagizo ya mteja yakafungwa kwa njia ya siri na kusafirishwa kama meseji. Mtandao wa meseji hufanya kazi kwa kuhifadhi kwanza na kupeleka baadaye: ujumbe unapokosa njia huwekwa katika kituo na kujaribiwa tena, hivyo haupotei kirahisi, ila hauna ahadi ya muda wa kufika. Nchini Tanzania, ambako kampuni ya simu ya Vodacom ilianzisha M-Pesa mwaka 2008, ilitumiwa njia nyingine, ile ya kupiga namba yenye nyota na alama ya reli, ambayo hufungua mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu na seva, yaani kompyuta kuu inayotoa huduma. Mazungumzo hayo hujibu upesi yanaposhika, lakini yakikatika katikati mteja huanza upya. Kenya ilipata ustahimilivu kwa gharama ya kungoja, Tanzania ikapata wepesi kwa gharama ya kukatika, na wala haiwezi kusemwa kwamba upande mmoja ulikosea, kwa kuwa uchaguzi ulitegemea pia aina ya laini zilizokuwa mikononi mwa wateja.

Baada ya kufika Nairobi, agizo la mteja wa Free Area lilikuwa bado na safari ndefu, kwa kuwa seva za M-Pesa zilikuwa Ulaya. Hadi katikati ya mwaka 2009, nyaya za kwanza za fiba zilipotua Mombasa kupitia baharini, mawasiliano ya Kenya na mabara mengine yalitegemea setilaiti zinazozunguka karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, umbali ambao kwa kwenda juu na kurudi chini mara moja tu hugharimu takriban robo sekunde. Robo sekunde ni kidogo, na haielezi yenyewe kungoja kwa dakika nzima. Kilichokuwa kizito zaidi ni foleni katika vituo vya meseji na uangalifu wa programu yenyewe.

Uangalifu huo ulikuwa na nasaba ya kitaaluma. Mwaka 1981 mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani Jim Gray alieleza kwa makini dhana ya muamala, yaani mfululizo wa mabadiliko katika hifadhidata ambao ama hutimizwa wote au hautimizwi hata mmoja. Shilingi 500 zinapotoka kwa mama aliyeko Free Area kwenda kwa mwanawe aliyeko Molo, kuna maandishi mawili yanayopaswa kufanyika, la kupunguza upande mmoja na la kuongeza upande wa pili. Umeme ukikatika kati ya maandishi hayo, mfumo lazima uweze kurudi nyuma kana kwamba hakuna kilichotokea. Ili kuweza kurudi nyuma, mfumo huandika kumbukumbu ya nia yake kabla ya kutenda, hufunga akaunti husika zisiguswe na muamala mwingine, na husubiri uthibitisho kwamba kumbukumbu imehifadhiwa mahali salama. Hatua hizi zote huchukua muda. Baadaye, mwaka 2000, Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa hoja iliyothibitishwa kihisabati miaka miwili baadaye kwamba mfumo uliogawanyika katika sehemu kadhaa, mawasiliano kati ya sehemu hizo yanapokatika, hulazimika kuchagua kati ya kuendelea kujibu na kuhakikisha kwamba majibu yake yote yanakubaliana. Mabenki mengi duniani huruhusu mashine ya kutolea fedha kutoa kiasi kidogo hata inapokosa mawasiliano na makao makuu, na hasara inayotokea hubebwa kama gharama ya biashara. M-Pesa ilichagua kinyume: bila jibu la seva hakuna fedha. Kwa huduma iliyowalenga watu ambao salio lao lote lingeweza kuwa shilingi mia tatu, uchaguzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu kosa la mara moja lingeenea kwa maneno ya mdomo kutoka stendi hadi sokoni na kuua imani ambayo haikuwa na msingi mwingine.

Uthabiti wa huduma, hata hivyo, haukukaa ndani ya seva peke yake. Kila wakala alipewa daftari lenye safu za tarehe, msimbo wa muamala, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi na sahihi ya mteja, naye alifunzwa kutotoa noti hata moja kabla meseji ya uthibitisho haijaingia katika simu yake mwenyewe. Katika lugha ya wahandisi daftari hilo ni nakala ya pili ya kumbukumbu, iliyohifadhiwa mbali na nakala ya kwanza na katika umbo ambalo hitilafu ya umeme haiwezi kulifuta. Katika maisha ya kibanda lilikuwa kazi ya ziada isiyolipwa peke yake, maana kamisheni ya wakala huhesabiwa kwa kila muamala uliokamilika, na dakika zinazotumika kuandika jina la mteja au kungoja meseji haziongezi chochote katika hesabu hiyo. Wakala alibeba pia kazi ya kuhakikisha kwamba ana fedha taslimu za kutosha kwa wanaotoa na floti ya kutosha kwa wanaoweka, floti ikiwa ni salio la kielektroniki analolinunua kwa kuweka fedha benki. Floti ilipokwisha, alifunga kibanda au aliacha mtu na kwenda katikati ya mji, na hapo huduma ilisimama Free Area ingawa seva za Ulaya zilikuwa nzima kabisa.

Jambo hilo lilionekana kwa uchungu mwezi Januari 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu zilifika Nakuru kwa ukali mwishoni mwa mwezi huo, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, na maelfu ya waliohamishwa makwao wakakusanyika katika uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa Afraha. Katika siku hizo simu ilikuwa njia ya kuwafikishia fedha na muda wa maongezi jamaa waliozingirwa mahali ambako barabara zilifungwa, na sifa ya M-Pesa ilikua kwa sababu hiyo. Lakini wakala aliyefunga duka kwa hofu ya kuvamiwa hakuweza kulipa, na salio lililokuwa salama ndani ya simu halikugeuka unga wala dawa. Hapa historia ya M-Pesa inapaswa kusomwa kwa heshima kwa watu waliofungua vibanda vyao mapema iwezekanavyo, kwani hakuna ubunifu wa programu ambao ungeweza kufanya kazi hiyo badala yao.

Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu Wizara ya Fedha, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe, na mwanzoni mwa mwaka 2009 ukaguzi ulieleza kwamba ilikuwa salama. Wateja walikuwa wamekwisha kupita milioni kadhaa, idadi ambayo wabunifu wa awali hawakuipangia.

Ukuaji huo ndio uliofanya uangalifu wa mwanzo uwe mzigo. Mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na kodi za nyumba zinapodaiwa, na tena Januari wakati wa karo, meseji za uthibitisho zilichelewa kwa dakika na wakati mwingine kwa saa. Ucheleweshaji wa aina hii huzaa hatari yake: mteja asiyepata jibu hudhani kwamba agizo limepotea, hulituma tena, na yote mawili yanapofika fedha hutoka mara mbili. Dawa iliyowekwa ni kwamba mfumo hukataa kwa muda mfupi muamala unaofanana na uliotangulia kwa kiasi na kwa mpokeaji, na humtaka mteja asubiri. Kinga hiyo ni ya busara, ingawa humchelewesha pia yule ambaye kweli alikusudia kutuma mara mbili. Wakala naye alibuni utaratibu wake, wa kumwambia mteja akae kando mpaka meseji iingie huku akimhudumia anayefuata, na hivyo foleni moja ndani ya kompyuta ikawa na foleni nyingine sambamba nje ya dirisha, yenye watu wanaotazamana na kuulizana kama mtandao umerudi.

Aprili 2015, chini ya uongozi wa Bob Collymore, Safaricom iliuhamisha mfumo mzima kutoka Ujerumani, ambako seva zilikuwa, hadi Kenya, na wakati huohuo ikabadilisha programu yenyewe kwa kuweka kizazi cha pili kilichotengenezwa na kampuni ya Huawei ya China. Kuhama kwa aina hii ni moja ya kazi za hatari kubwa katika uhandisi, kwa kuwa mfumo uliozoeleka, pamoja na udhaifu wake unaojulikana, huachwa kwa ajili ya ule ambao udhaifu wake bado haujajitokeza. Jim Gray alikuwa amekwisha kulionyesha hilo mwaka 1985, alipochunguza hitilafu za kompyuta za kampuni ya Tandem, ambazo zilijengwa kwa vifaa viwiliviwili ili kimoja kikifa kingine kiendelee: aligundua kwamba vifaa havikuwa chanzo kikuu cha kusimama kwa mashine, na kwamba makosa ya uendeshaji na ya programu yalizidi. Kwa mteja wa Free Area, kuhama huko kulimaanisha jibu la upesi zaidi na kupungua kwa foleni ya kando.

Sehemu ya muda uliookolewa ilirudishwa kwa hiari baadaye. Huduma iliyoitwa Hakikisha ilimwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kusitisha, kwa sababu kosa la tarakimu moja katika namba ya simu lilikuwa limewagharimu watu wengi fedha zao na kuwarundikia wahudumu wa simu malalamiko. Ni mfano bora wa ubunifu unaofahamu kazi yake: mashine ingeweza kumaliza muamala mara moja, lakini ikafundishwa kumngoja binadamu.

Mabadiliko mengine ya miaka hiyo yalikwenda upande tofauti. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo, ilikuwa imeanza Novemba 2012. Lipa na M-Pesa, ya malipo ya dukani, ikaja mwaka 2013. Mwaka 2017 ukafunguliwa mlango ulioitwa Daraja, ulioziwezesha programu za makampuni mengine kuzungumza moja kwa moja na M-Pesa. Na Januari 2019 Fuliza ikaanza kuwakopesha wateja katikati ya muamala wenyewe. Kila huduma iliyoongezwa ilitegemea kiini kilekile, na kwa hiyo kila moja iliongeza idadi ya mambo yanayosimama kiini kinaposimama. Hapo mwanzo hitilafu ilimzuia mtu kutuma fedha kwa mama yake. Sasa ilizuia pia nauli, umeme wa kulipia kabla, mboga ya jioni na marejesho ya mkopo. Jumatatu ya tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulianguka kwa saa kadhaa nchini kote, simu, intaneti na M-Pesa kwa pamoja, na nchi ikaona kwa mara ya kwanza ukubwa wa kitu ilichokiegemea. Mfumo wa polepole wa mwaka 2008 ulikuwa ukichelewa kwa huyu na kwa yule; mfumo wa kasi ulianguka kwa wote dakika moja. Wanaosifu kasi huisahau tofauti hiyo, ingawa kwa mchuuzi ni kubwa kuliko tofauti ya sekunde tano na sekunde mbili.

Mzigo uliongezwa tena na sera. Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia nchini, ada ya kutumiana kiasi kisichozidi shilingi 1,000 iliondolewa, kikomo cha muamala mmoja kikapandishwa hadi shilingi 150,000 na kikomo cha salio hadi shilingi 300,000, utaratibu wa kutotoza ada ukadumu hadi mwisho wa mwaka huo. Malipo madogo sana ambayo awali yalifanywa kwa sarafu yakaingia katika hifadhidata, na kwa kompyuta muamala wa shilingi 20 una uzito uleule wa kazi kama wa shilingi 20,000. Septemba 2025 Safaricom ilitangaza kizazi kingine cha mfumo, chenye uwezo wa miamala 6,000 kwa sekunde unaoweza kupanuliwa hadi 12,000, ambacho kazi zake hugawanywa katika vituo kadhaa vinavyofanya kazi kwa pamoja ili kimoja kikizimika vingine vichukue mzigo wake. Kugawanya huku kunarudisha swali la Brewer, kwa kuwa vituo vinavyopaswa kukubaliana kuhusu kila shilingi hutumia muda kukubaliana.

Matengenezo yanayohitaji kusimamisha huduma hupangwa usiku wa manane, miamala inapokuwa michache, na kwa hesabu ya jumla uamuzi huo hauna kasoro. Lakini hesabu ya jumla haimtazami mwenye mkahawa wa usiku kando ya barabara kuu, wala dereva wa lori anayetaka kulipia mafuta akiwa njiani kwenda Eldoret. Vivyo hivyo, taarifa za kampuni hutaja muda ambao mfumo ulisimama, ilhali kwa wakala aliyelipa kodi ya kibanda na kukopa ili kuongeza floti, saa mbili za mtandao kulala mwisho wa mwezi ni saa za kamisheni ambazo hazirudi hata huduma inaporejea na foleni kuongezeka maradufu. Ikiwa kipimo cha uthabiti kitakuwa cha haki, kinapaswa kuhesabu hasara hiyo mahali inapotua, na mdhibiti, yaani Benki Kuu, ambaye tangu Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya mwaka 2011 ana mamlaka ya kusimamia huduma hizi, ana sababu ya kutosha ya kuidai hesabu hiyo.

Wakati huohuo wafanyabiashara wamejipangia kinga zao. Tangu mwaka 2018 fedha zimeweza kutumwa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja wa simu hadi mwingine, na wengi wanamiliki laini mbili, ya Safaricom na ya Airtel, na kuweka salio dogo katika laini ya pili na noti kadhaa kwenye droo kwa ajili ya saa ambayo ya kwanza itagoma. Mpango huo hutumia kanuni ileile iliyowaongoza wajenzi wa mashine za Tandem, yaani kumiliki viwili pale ambapo kimoja kingetosha, na gharama yake, kwa maana ya fedha zinazokaa bila kuzunguka katika biashara yenye mtaji mdogo, hulipwa yote na mwenye kibanda.